Jiwe kiganjani mwa mgonjwa

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu amelazwa wiki ya tatu sasa, haongei kabisa. Nimesikia kuna hospitali ambako wagonjwa huletewa vitu vya makumbusho wavishike. Inasaidia kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Inasaidia. Watafiti wa University College London, akiwemo Helen Chatterjee, walipeleka vitu hivyo hadi vitandani kwa wagonjwa. Waliovishika walijisikia vizuri zaidi kuliko walioonyeshwa picha tu.

Nami nimejitolea kazi hiyo. Simsahau mzee mmoja aliyelala ameugeukia ukuta. Nilimwekea kiganjani kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, cha kiumbe wa baharini, kizito, cha baridi, kimejiviringa kama konokono. Akapitisha kidole gumba kwenye mikunjo yake, taratibu, mpaka katikati kabisa. Kisha akauliza, "Huyu alikuwa anakula nini?" Tukaongea mpaka chakula kikaletwa.

Zungumza na muuguzi kwanza. Mikono isafishwe kabla na baada, na vitu viwe vya kufutika vizuri, kama jiwe au kauri. Wanyama wa zamani waliokaushwa msiwaguse, maana baadhi walihifadhiwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Halafu, tafadhali, usimpe baba mtihani wa maswali. Mwache ashike, ageuze, anyamaze akitaka. Makumbusho yakiwa mbali, anza na kitu chake mwenyewe alichokizoea mkononi.