Ridimu ni ya nani? Kwa anayemsimamia msanii wa dancehall aliye ughaibuni

Ukimsimamia msanii wa dancehall kutoka Jamaika anayeishi London bila lebo, usianze na video. Anza na ridimu, yaani mdundo wa ala usio na sauti ya mwimbaji.

Prodyusa wa Kingston hutengeneza ridimu moja, wakaiimbia wasanii kumi au zaidi, kila mmoja na wimbo wake. Diwali ya Steven "Lenky" Marsden iliwabeba Sean Paul na Wayne Wonder kwenye chati za Marekani mwaka 2003 kwa nyimbo tofauti. Kwa selekta, yule anayechagua na kupiga nyimbo dansini, huo ni utamu mtupu. Kwenye makaratasi ni balaa.

Kwa hiyo andikeni mgawanyo kabla hajaingiza sauti. Kwenye utunzi, mara nyingi nusu huenda kwa mwenye ridimu na nusu kwa aliyeandika mashairi na sauti ya kuimbia. Umiliki wa rekodi yenyewe ni mazungumzo mengine kabisa, na hapo ndipo wengi huliwa. Ujumbe wa WhatsApp wenye majina kamili, asilimia na tarehe si haba, ila karatasi yenye saini ni bora.

Siku ya kupakia wimbo kwa msambazaji, anayeupeleka kwenye YouTube na Spotify, utakutana na kisanduku cha Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua wimbo ndani ya video na kumdaia mwenyewe mapato. Kama ridimu ni ya wengi, usikitie alama. Mfumo ule unalinganisha milio tu, haujui desturi za Kingston: utazidai video za wenzenu wote walioimba juu ya ridimu hiyo, nao watawadai ninyi. Mapato yatazuiwa, prodyusa atanuna, na ridimu ijayo msanii wako haitwi.

Mirabaha ya Uingereza ina milango miwili, yaani mashirika mawili ya kuikusanya: PRS kwa utunzi, PPL kwa rekodi. Wengi hujiunga na wa kwanza tu, fedha za wa pili zikabaki zimelala. Kama msanii tayari ni mwanachama wa JACAP, chama cha watunzi kule Jamaika, ainisheni kwanza nani anakusanya nchi gani, haki moja isisajiliwe mara mbili. Redio za mtandaoni za Marekani hulipa kupitia SoundExchange, shirika la kukusanya mirabaha ya rekodi huko: 50% kwa mwenye rekodi, 45% kwa msanii mkuu, 5% kwa wapigaji na waitikiaji.

Toleo la matusi na toleo safi la redioni ni rekodi mbili, kila moja na namba yake ya ISRC, ya kuitambulisha rekodi, yenye tarakimu na herufi 12. Zikichanganywa, malipo hupotea njia.

Pakia wiki nne kabla ya siku ya kutoka; Spotify wanataka angalau siku 7 ili wahariri wao wausikilize. Kwa Notting Hill Carnival, tamasha la mitaani la London la mwisho wa Agosti, wimbo utoke Mei au Juni. Ukitoka Agosti, selekta bado hajauzoea.

Fedha za haraka ziko kwenye dubplate: saundi sistemu, yaani kundi la wapiga muziki wa dansini wenye spika zao, inalipa ili wimbo urudiwe ukiitaja kwa jina. Tunzeni ala peke yake, na faili la studio lenye sauti zilizotenganishwa, ili arudie mistari yenye jina tu. Malipo yaingie yote kabla ya kutuma WAV, faili kamili la sauti. Na jina la saundi walitume kwa maandishi na kwa sauti pia, maana likitamkwa vibaya mtarudia kurekodi bure.