Barua kwa Mwanangu: Gauni la Upambe na Tumbo Linalokua

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema leo umetimiza wiki 18 za ujauzito, harusi ya rafiki yako iko wiki 12 mbele, wapambe wote wamechaguliwa satini ya kubana mwili mpaka miguuni, nawe hujui kama ushonewe sasa kwa kukisia au usubiri hadi dakika za mwisho. Tena unaona haya kumwambia bibi harusi kwamba gauni lile halitakufaa.

Nianze na hilo la haya. Mwambie leo. Mshono ukibadilishwa wiki 12 kabla, hakuna anayepata taabu. Ukibadilishwa wiki 2 kabla, mnahangaika wote. Ila usiende mikono mitupu. Nenda na pendekezo: rangi ileile, kitambaa kilekile, urefu uleule, mkato tofauti. Wapambe wakisimama pamoja, jicho hushika rangi na usawa wa mapindo. Mkato wa mmoja ukitofautiana, hakuna atakayeuona kama kasoro.

Sasa gauni lenyewe. Siku ya harusi utakuwa na wiki 30. Mkunga akipima tumbo kwa futi, kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba, kuanzia kama wiki ya 24 idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, ikizidi au kupungua 2 hivi. Leo mji wa mimba bado haujafika kitovuni. Siku ile utakuwa umekipita kwa mbali, kwenye sentimita 30 au jirani. Kwa hiyo kipimo cha kiuno ulicho nacho leo hakina kazi. Kifute kabisa kwenye daftari la fundi, asije akakitumia kwa mazoea.

Kisichobadilika sana ni mabega na mgongo wa juu, na hapo ndipo gauni lishike. Matiti yatakua, lakini hata mbavu hupanuka: mzunguko wa kifua unaweza kuongezeka sentimita 5 hadi 7 kufikia mwisho wa ujauzito. Wengi huliacha hili. Wanaongeza nafasi tumboni tu, halafu siku yenyewe tumbo limekaa vizuri na zipu imekwama mbavuni.

Mkato ninaokushauri ni ule unaokatwa chini kidogo ya matiti, kisha sketi inashuka ikifunguka taratibu. Mwambie fundi mambo mawili kuhusu sketi hiyo. Kwanza, marinda yakusanywe mbele tu, katikati, kwenye upana wa kama sentimita 20, si kuzunguka mwili mzima. Marinda ya pembeni hukunenepesha bila kulipa tumbo nafasi. Pili, ukingo wa juu wa kipande cha mbele ukatwe kwa mviringo unaopanda, katikati uzidi pembeni kwa sentimita 5 hadi 7. Kitambaa kinachopita juu ya tumbo kinasafiri njia ndefu kuliko cha mgongoni. Kisipoongezewa urefu, pindo la mbele hupanda na vifundo vya miguu vinaonekana mbele huku nyuma gauni linaburura. Ukiona mikunjo ya kulala inajitokeza chini ya tumbo, jua kitambaa cha mbele hakikutosha.

Akiba ya mishono ndiyo itakayokuokoa. Kwa kawaida fundi huacha sentimita 1.5 ndani ya mshono. Mwombe aache 4 kwenye mishono yote miwili ya ubavuni, kuanzia kwapani. Kila mshono una kingo mbili, kwa hiyo mishono miwili ina kingo nne, kila moja na ziada ya sentimita 2.5: jumla unaweza kuongeza sentimita 10 za mzunguko bila kiraka. Bitana, yaani kitambaa cha ndani, nayo iachiwe akiba ileile, mkumbushe hilo kwa mdomo wako. Kosa ninalolijua kuliko yote ni gauni lililofumuliwa likapanuka vizuri nje, bitana ikabaki imekaza ndani kama kamba. Na kwa kuwa mmechagua satini, mishono ya ubavuni ipigwe bandi tu kwanza, yaani mshono wa muda, wala isipigwe pasi. Satini hubaki na matundu ya sindano na mstari wa pasi pale mshono wa zamani ulipokuwa, na hayo hayafutiki.

Mgongoni, badala ya zipu, aweke vitanzi na kamba ya kupitisha kama ya kiatu, na nyuma yake kipande cha kitambaa chenye upana wa sentimita 12 hivi kuficha ngozi. Kamba inakazwa na kulegezwa hata siku yenyewe. Ikilazimu zipu, iwe katikati ya mgongo. Ya ubavuni hupinda kadiri tumbo linavyosukuma.

Kitambaa kinunuliwe mapema, pamoja na cha wenzako, kutoka jora moja. Rangi ya jora moja na ya jora lingine mara nyingi hutofautiana kidogo hata kama jina ni moja, na tofauti hiyo hujitokeza mnaposimama bega kwa bega. Kwa upana wa sentimita 150, gauni la mpaka chini hutumia kama mita 3.5, wewe nunua 4.5, hiyo mita ya ziada ikae kabatini. Bitana chagua nyepesi ya pamba. Mjamzito huona joto kuliko wenzake, na bitana ya poliesta hunata mgongoni na mapajani mtu akitokwa jasho.

Bibi harusi akikubali kitambaa kingine, kitambaa cha jezi kizito kinachovutika kitakupunguzia sehemu kubwa ya kazi hii. Na ukiamua kununua lililokwisha kushonwa, kuna mtego: magauni ya wajawazito huwa yameshahesabiwa tumbo, kwa hiyo unachukua saizi uliyokuwa ukivaa kabla ya mimba, ukilinganisha kifua chako cha sasa na jedwali lao. Ukipanda saizi mbili, mabega yatadondoka. Gauni la kawaida ndilo la kupanda saizi, na hapo uwe tayari kulipia kupunguzwa mabega, kazi ngumu zaidi kama lina mikono au lesi.

Kuhusu ratiba: wiki hii chukua vipimo vya mabega, urefu wa mgongo, kifua na chini ya matiti, fundi akate. Ukifika wiki ya 26, vipimo upya na kulivaa mara ya kwanza. Kabla ya kwenda hapo nunua sidiria utakayovaa siku ile, kwa sababu matiti yakipanda au kushuka sentimita 2 tu, mshono wa chini yake haukai tena mahali pake. Chukua taulo dogo ulikunje, ulifunge juu ya tumbo, uone gauni litakavyokaa tumbo likiongezeka. Kisha kaa kitini humo ndani dakika 10, nyanyua mikono, inama kama unayeokota mkia wa gauni la bibi harusi, na ujaribu kulipandisha mpaka kiunoni kwa mkono mmoja. Chooni utakwenda mara nyingi siku hiyo.

Pindo liwe la mwisho, siku 7 hadi 10 kabla ya harusi, ukiwa na viatu vyenyewe miguuni. Lipimwe kutoka sakafuni kwenda juu, kuzunguka pande zote, na mtu mwingine ndiye apime. Wewe tazama mbele. Ukiinamisha kichwa kuangalia, gauni linashuka mbele na pindo linakatwa likiwa limepinda. Viatu vinunue jioni, miguu ikiwa imejaa, kisigino kipana kisichozidi sentimita 4.

Moja si la ushonaji. Miguu kujaa kidogo jioni ni jambo la kawaida. Lakini uso au mikono ikivimba ghafla, au kichwa kikikuuma sana bila kupoa, au macho yakaona vimulimuli, au ukapata maumivu makali chini ya mbavu, acha habari za gauni na nenda hospitali saa hiyohiyo. Hizo ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba, na hazisubiri kesho.

Ukishapata kipande cha kitambaa, nipigie picha mchana karibu na dirisha, si chini ya taa, na uniandikie jina la mshono alioukubali bibi harusi. Vipimo vya mbele ya sketi nitakuchorea mimi, umpelekee fundi wako.

Nakupenda sana, wewe na huyo aliye tumboni.

Mama yako