Maswali yenu: vitabu vya miaka ya 1700 hadi 1730

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba hadithi nyingi tulizolelewa nazo zilichapwa kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini ya mwanzo wa karne ya 18. Mmeniandikia kwa wingi, nami nawashukuru. Nimechagua maswali haya, mengine nimeyajibu kwa ufupi maana hayakuhitaji zaidi.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita kaniuliza nani aliandika Ali Baba na wezi arobaini. Nikamwambia ni Waarabu wa zamani. Jirani anasema ni Mfaransa. Nani yuko sahihi? (Mama wa Tanga)*

Marahaba, mama. Mpe mtoto jina ambalo mimi nililipata nikiwa mtu mzima: Hanna Diyab. Alikuwa kijana wa Aleppo, Syria, Mkristo wa madhehebu ya Kimaroni. Ndiye aliyemsimulia Mfaransa Antoine Galland kisa cha Ali Baba, na kile cha Alaadini na taa yake pia.

Mambo yalikwenda hivi. Galland alikuwa msomi wa lugha za mashariki. Alipata kutoka Syria hati ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela, akaanza kuitafsiri, na juzuu za kwanza zikatoka Paris mwaka 1704. Watu wakazigombania. Lakini hati yenyewe haikufika usiku elfu na moja; ilikomea karibu na usiku wa 280. Kufika 1709 hadithi zilikuwa zimemwishia, na wachapishaji, kwa haraka ya kuuza, wakachomeka kwenye juzuu ya nane visa viwili vilivyotafsiriwa na mtu mwingine, bila hata kumwuliza. Galland alikasirika sana.

Tarehe 17 Machi 1709, nyumbani kwa msafiri aitwaye Paul Lucas, akakutana na Diyab. Lucas ndiye aliyemleta kijana huyo Paris, akimwahidi kazi kwenye maktaba ya mfalme. Majira hayo ya kuchipua Diyab alikaa akisimulia, Galland akaandika muhtasari kwenye shajara yake. Visa hivyo ndivyo vilivyojaza juzuu za mwisho, hadi ya 12 iliyotoka 1717, miaka miwili baada ya Galland kufariki. Kitabuni jina la Diyab halimo popote. Na hadi leo haijaonekana hati ya Kiarabu ya Ali Baba iliyo kongwe kuliko kitabu hicho cha Kifaransa.

Ile kazi ya maktaba Diyab hakuipata. Alirudi Aleppo akafanya biashara ya vitambaa. Uzeeni, miaka ya 1760, aliandika habari za safari yake, na hati hiyo imehifadhiwa Vatican. Kurasa zake za mwanzo zimepotea pamoja na jina lake, ndiyo maana wataalamu hawakumtambua mwandishi hadi miaka ya 1990. Humo anaeleza alivyoingizwa kasri la Versailles kumwonyesha Mfalme Louis XIV panya wa jangwani waliofungiwa kwenye tundu, na jinsi baridi ya 1709 ilivyotesa watu Paris. Galland amepewa mistari michache tu: mzee aliyekuwa akitafsiri kitabu cha hadithi, kikampungukia baadhi ya usiku, basi Diyab akamsimulia alizozijua na mzee akafurahi.

Mistari hiyo hunigusa kila nikiikumbuka. Bibi yangu wa Pangani, kabla hajafika pale kijakazi Marjana anapomimina mafuta ya moto kwenye mitungi waliyojificha wezi, alitaja kwanza nani alimsimulia yeye: "Hii nilipewa na shangazi yangu Mwanaidi." Msimuliaji kumtaja aliyempa hadithi ni adabu ya kawaida kwetu. Galland alimtaja Diyab kwenye shajara yake tu, na shajara haikuwa ya kusomwa na watu.

*Nakala yangu ya Robinson Crusoe inasema imeandikwa na mwenyewe Crusoe. Alikuwepo kweli? (Kijana wa Kisumu)*

Hapana. Kitabu kilitoka London tarehe 25 Aprili 1719, na ukurasa wa jina ulidai kwamba Crusoe ndiye aliyejiandikia. Aliyetunga, Daniel Defoe, hakujitaja. Wasomaji wengi waliamini, kwa sababu walikwisha kusikia habari za Alexander Selkirk, baharia wa Uskoti aliyeachwa peke yake kwenye visiwa vya Juan Fernández, upande wa Chile, mwaka 1704 na kuokotwa 1709. Kitabu kilichapwa tena na tena mwaka uleule, na sehemu ya pili ikatoka Agosti.

Ila nakuomba, ndugu yangu, utafute nakala kamili, kwa sababu zile zilizofupishwa kwa ajili ya shule huruka mambo mawili. La kwanza: Crusoe anapotoroka utumwani Morocco, anatoroka na mtoto aitwaye Xury, anayemtumikia, anayemlinda na kula naye njaa. Wanapookolewa na nahodha Mreno, Crusoe anamuuza mtoto huyo kwa sarafu sitini za fedha, zile za reale nane. La pili: jahazi lililomtupa kisiwani lilikuwa njiani kwenda pwani ya Guinea kununua watu wa kufanya kazi kwenye mashamba ya Brazil. Nilisoma kitabu hiki mara tatu utotoni bila kujua alikuwa anakwenda wapi. Mtoto wa Kiafrika anayesoma hadithi hii ana haki ya kujua hilo kabla hajampenda Crusoe.

Defoe hakuishia hapo. Mwaka 1720 alitoa *Captain Singleton*, ambamo mabaharia wanatembea kwa miguu kutoka pwani ya Msumbiji, wakikata bara lote hadi upande wa magharibi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona Afrika.

*Ni kweli Defoe alifungwa? (Swali fupi kutoka Arusha)*

Kweli. Alichapisha kijitabu kilichowachokoza wakuu wa kanisa la serikali, akakamatwa 1703. Julai mwaka huo alisimamishwa siku tatu hadharani London, shingo na mikono vikiwa vimebanwa kwenye mbao zenye matundu, kisha akarudishwa gerezani Newgate. Mwaka uliofuata alikuwa ameshaanzisha gazeti lake, *Review*.

*Mchapishaji wangu anasema nikishampa mswada akanilipa mara moja, basi, sina changu tena. Sheria ya kumlinda mwandishi ilianza lini? (Mwandishi wa riwaya, Dodoma)*

Pole, ndugu. Madai hayo ni ya kale sana. Uingereza, kabla ya 1710, haki ya kitabu ilikuwa mikononi mwa chama cha wauza vitabu wa London. Mwanachama aliyeandikisha kitabu alikimiliki yeye, kisha mjane wake, kisha watoto wake. Mwandishi alilipwa akaenda zake.

Sheria iliyoanza kutumika tarehe 10 Aprili 1710, enzi ya Malkia Anne, ndiyo ya kwanza kumtambua mwandishi kuwa mwenye haki. Kitabu kipya kililindwa miaka 14, na mwandishi akiwa hai muda huo ukiisha, akapata mingine 14. Vitabu vya zamani vilipewa miaka 21. Ilibidi kitabu kiandikishwe, na nakala tisa zipelekwe maktaba. Aliyechapa kwa wizi alinyang'anywa nakala zake zikaharibiwa, akatozwa faini ya peni moja kwa kila karatasi, nusu kwa Malkia na nusu kwa aliyeshtaki.

Sheria peke yake haikuwatajirisha waandishi, kwa kuwa wengi waliendelea kuuza haki zao kwa mkupuo, kama huyo bwana anavyotaka ufanye. Aliyeonyesha njia nyingine ni mshairi Alexander Pope. Alipoamua kutafsiri *Iliad*, utenzi wa kale wa Homer Mgiriki, aliwatafuta wanunuzi kwanza. Watu 575 waliandikisha majina yao, kila mmoja alipe gini moja, sarafu ya dhahabu, kwa kila juzuu. Juzuu sita zilitoka 1715 hadi 1720, na Pope akajipatia kiasi cha pauni 5,000, fedha nyingi mno wakati ule. Majina ya wanunuzi yalichapwa mle mle kitabuni.

Kwako wewe: Tanzania, kama Kenya, hakimiliki hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kumruhusu mtu achape toleo moja na kumuuzia haki yako yote ni mambo mawili tofauti. Usitie saini hadi umwonyeshe wakili mkataba huo, ukisoma naye neno kwa neno.

*Nimesikia gazeti la kwanza la kila siku Uingereza lilianzishwa na mwanamke. (Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Nairobi)*

Umesikia vizuri. *Daily Courant* lilitoka London tarehe 11 Machi 1702, mwenyewe akiwa Elizabeth Mallet, karibu na daraja la Fleet. Lilikuwa karatasi moja iliyochapwa upande mmoja tu, habari zake zikiwa za nje, zilizotafsiriwa kutoka magazeti ya kigeni. Aliahidi kutochanganya habari na maoni yake, kwa kuwa wasomaji wana akili za kutosha kujifikiria wenyewe. Ila jina aliandika "E. Mallet" tu, na baada ya wiki chache gazeti likawa la Samuel Buckley.

Na kwa kuwa uko kwenye fani, jua kwamba hata safu kama hii ilikuwepo huko siku zile. *British Apollo*, 1708 hadi 1711, liliishi kwa maswali ya wasomaji, ya dini, ya sayansi, ya ndoa, na mengine yakajibiwa kwa mashairi.

*Safari za Gulliver ni kitabu cha watoto? (Mbeya)*

La. Kina sehemu nne, watoto hupewa ya kwanza, ya wale watu wadogo, na pengine ya pili. Jonathan Swift alikitoa Oktoba 1726 bila jina lake, mswada ukafikishwa kwa mchapishaji kwa siri, kwa kuwa uliwapiga vijembe wanasiasa wa siku zile. Soma sehemu ya nne, ya farasi wenye akili, ukiwa mtu mzima.

*Huku sisi tulikuwa tunaandika nini wakati wao wanachapa? Niko Muscat, natamani kuwaambia wanangu. (Msomaji mwenye asili ya Lamu)*

Waambie hivi. Mwaka 1728, miaka miwili baada ya Gulliver, huko Pate kulikuwa na Utendi wa Tambuka. Tarehe iliyo kwenye hati ni 1141 ya Hijria. Ni zaidi ya beti 1,100, kila ubeti vipande vinne vya mizani nane, vitatu vikiimbiana na cha nne kikibeba kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Unasimulia Waislamu wakipambana na Herakali, Kaisari wa Rumi, na jina la Tambuka ni Tabuk, msafara wa Mtume wa mwaka 630. Kihistoria vita havikupiganwa pale. Mtunzi alikuwa anajenga utenzi wa mashujaa, na aliujenga.

Neno la pili kabisa la utendi huo, baada ya Bismillahi, ni "kutubu": andika. Mshairi anaanza kwa kumwamrisha mwandishi wake ashike kalamu. Uko pia kwa jina la Kyuo kya Herekali, na hapo wanao watasikia Kipate cha kale, maana "kyuo" ni kile tunachokiita leo chuo, yaani kitabu.

Na ukaribiapo mwisho, mtunzi anajitaja: Mwengo, mwana wa Athumani.

*Zaidi ya mashairi, kuna maandishi yoyote ya kawaida ya Kiswahili ya wakati huo? (Huyohuyo, siku iliyofuata)*

Zipo barua. Mwaka 1711 watu wa Kilwa waliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, wakiwapelekea Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Wareno walizisafirisha pamoja na karatasi zao nyingine hadi India, na mpaka leo ziko Goa, kwenye jumba la nyaraka.