Litoe Wazo Kichwani, Libandike Ukutani

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii: ana wazo la biashara, analiwaza usiku na mchana, ila kila akitaka kulieleza linamponyoka. Ananiuliza mpango wa biashara uwe kurasa ngapi. Ndugu yangu, usiandike hata ukurasa mmoja. Chora kwanza.

Mimi nilitaka kuwasaidia wanafunzi kudurusu masomo kwa simu. Nikachukua kanvasi ya biashara, ile iliyotokana na utafiti wa uzamivu wa Alexander Osterwalder wa Uswisi, mwaka 2004. Ni karatasi moja yenye visanduku 9: wateja, thamani unayowapa, njia za kuwafikia, uhusiano nao, mapato, rasilimali, shughuli, washirika na gharama. Nikaibandika ukutani, nikaanza na upande wa kulia, ule wa wateja.

Kwenye wateja nikabandika kikaratasi cha rangi: "wanafunzi". Kwenye mapato: "ada ya kila mwezi". Nikaanza kuchora mshale wa kuviunganisha, mkono ukasita. Mwanafunzi hana hela! Anayelipa ni mzazi, na mzazi shida yake si maswali ya mazoezi, anataka kujua mwanawe kafikia wapi. Nikaongeza kikaratasi cha mzazi, biashara nzima ikageuka. Ripoti ya maendeleo, ambayo haikuwamo kabisa, sasa ndiyo tunayouza. Mwezi uliopita tumesaini mkataba na shule yetu ya kwanza, na waliotupigia debe ni wazazi.

Mwenzangu wa wakati ule alisema nachezea rangi kama mtoto wa chekechea, akajitoa. Iliniuma, na bado inaniuma, maana nilimheshimu sana. Lakini ule mshale mmoja ulituonyesha jambo ambalo vikao vyetu vyote havikuligusa.

Kama tatizo lenyewe bado halijakukaa sawa, tumia Lean Canvas, toleo la kanvasi hiyo lililotungwa na Ash Maurya. Imeweka kando washirika na shughuli, ikaleta tatizo na suluhisho. Ramani ya mawazo, yaani mchoro wa wazo kuu katikati na matawi yake, nayo inafaa mwanzoni kabisa, ila haitakuuliza nani analipa.

Jamani, tuache kuyafungia mawazo kichwani kwa kuogopa kuibiwa! Chukua vikaratasi vya rangi mbili: moja ya unayoyajua kwa hakika, nyingine ya unayoyadhania. Usishangae ukuta ukijaa dhana. Anza na zile za upande wa wateja, uende ukawaulize wenyewe, na usibadilishe rangi ya kikaratasi mpaka wamekujibu.