Vyumba 217 au 150? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Magofu ya Wapueblo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika makala za ensaiklopidia kwa Kiswahili kuhusu magofu ya Wapueblo wa kale, wenyeji asilia wa kusini-magharibi mwa Marekani. Nimekwama kwenye Cliff Palace, lile jengo kubwa lililo ndani ya pango la genge kule Mesa Verde, Colorado. Kitabu kimoja kinasema lina vyumba 217, kingine zaidi ya 200, kingine 150. Nikaandika "kati ya 150 na 217" ili nisimkosee mtu. Mhariri mwenzangu kanirudishia. Je, nimekosea wapi? Na ni mambo gani mengine niyachunge?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako amekusaidia. Msomaji akiona "kati ya 150 na 217" ataamini wataalamu bado wanavutana, na si hivyo. Hesabu kubwa ni ya zamani. Ile ndogo ilipatikana baadaye, baada ya watu kulipima jengo upya na kuliandika ukuta kwa ukuta, na ndiyo inayotumiwa na Hifadhi ya Taifa ya Mesa Verde yenyewe: vyumba 150, kiva (vyumba vya ibada na mikutano) 23, wakazi wapatao 100. Kwa hiyo unazo hesabu ya kwanza na masahihisho yake. Andika 150, kisha ongeza sentensi fupi kwamba vitabu vya awali vilitaja mia mbili na ushei, ili msomaji atakayekutana na 217 kwingine ajue imetoka wapi.

Kabla ya kunakili idadi yoyote ya vyumba, jiulize mhesabuji alihesabu nini. Je, kighala cha mahindi ambacho mtu hawezi kusimama ndani yake ni chumba? Kiva, mara nyingi chumba cha mviringo kilichochimbwa ardhini, kimo ndani ya jumla au kimetajwa kando? Na ghorofa za juu zilizokwisha poromoka, zimekisiwa au zimeachwa? Pueblo Bonito, katika korongo la Chaco, New Mexico, utaiona ikiandikwa zaidi ya vyumba 600 hapa na 800 pale, kwa sababu jengo hilo lilifika ghorofa nne au zaidi na sehemu kubwa ya juu haipo tena. Zaidi ya hayo, Januari 1941 jabali lililokuwa limesimama nyuma yake lilianguka na kuponda vyumba vipatavyo 30. Anayehesabu kuta zilizosimama leo na anayehesabu jengo lilivyokuwa enzi zake hawawezi kupata jibu moja, na wote wawili wako sahihi. Wewe sema tu unamfuata yupi. Kosa la hapa lina watoto: mwandishi anayefuata atachukua vyumba vyako, azidishe kwa watu wanne au watano, atuletee idadi ya wakazi isiyokuwepo kamwe.

Miaka nayo ina mtego wake, na mtego huu ulininasa mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kuhariri niliandika kwamba jengo fulani "lilijengwa mwaka" fulani, kwa kuwa niliuona mwaka huo kwenye jedwali la boriti. Sikujali herufi mbili ndogo zilizoandikwa pembeni: vv. Msomaji mmoja akaniandikia kwa upole kunieleza maana yake, na nililala vibaya siku hiyo.

Mambo yako hivi. Umri wa majengo haya unajulikana kwa kusoma pete za ukuaji ndani ya boriti zake. Mwanaastronomia A. E. Douglass ndiye aliyeifungua njia hiyo. Alikuwa na mfululizo mmoja wa pete ulioungana na miaka yetu, na mwingine wa kale uliokuwa ukielea bila kushikamana na mwaka wowote, hadi tarehe 22 Juni 1929, pale Show Low, Arizona, kipande cha boriti iliyoungua kilipoziunganisha pande mbili. Kipande hicho kinaitwa HH-39. Tangu hapo magofu yakawa na kalenda.

Lakini pete ya mwisho unayoiona si lazima iwe ya mwaka mti ulipokatwa. Nilipozuru Aztec Ruins, New Mexico, nilipita katika milango mifupi iliyofuatana, nimeinama karibu kupiga magoti, hadi chumba ambacho dari yake ya kale bado ipo. Juu ya kichwa changu palikuwa na boriti zilezile walizoziweka wajenzi, na katika moja niliona kitundu cha mviringo kilichozibwa, pale keekee ilipochomoa kijiti chembamba cha kusoma pete. Nikaiangalia boriti ile ubavuni na nikaelewa barua ya yule msomaji. Mti ukichongwa, ukioza au ukimomonyoka, pete za nje huondoka, na hakuna wa kukuambia zilikuwa ngapi. Maabara ya pete za miti ya Chuo Kikuu cha Arizona huweka herufi kando ya mwaka: B ni kwamba gome lipo, basi mwaka wa kukatwa unajulikana, vv ni kwamba pete zisizojulikana idadi zimepotea. Penye vv, andika "mti ulikatwa baada ya mwaka huo". Hata penye B, ulichonacho ni mwaka wa shoka, wala si wa nyumba. Boriti huhamishwa kutoka jengo kuukuu, na nyingine huingizwa wakati wa ukarabati. Boriti nyingi zikikubaliana mwaka mmoja au miwili, hapo sema ujenzi bila hofu.

Kuhusu majina, acha jina rasmi lilivyo, lakini lieleze mapema. Aztec Ruins haikujengwa na Waazteki. Walowezi wa karne ya 19 walidhani hivyo na jina likaganda. Montezuma Castle, Arizona, si kasri, na Montezuma, mfalme wa Waazteki, hakuwahi kuhusika nayo. Neno "Anasazi" ni la Kinavajo, kwa kawaida hutafsiriwa "mababu wa maadui", na Wapueblo wengi hawapendi wazee wao waitwe hivyo. Wataalamu wa leo huepuka neno hilo. Kwa Kiswahili mimi naandika "wahenga wa Wapueblo". "Wapueblo wa kale" si kosa, ila wahenga ni watu ambao bado tunayo maneno yao na sisi bado ni wazao wao.

Hapo ndipo penye kosa linaloniuma kuliko yote. Vyumba vikizidi kwa 67, tutavipunguza. Lakini nimesoma makala nyingi mno zinazomalizia kwa "kisha watu hawa wakatoweka kwa namna ya ajabu". Hawakutoweka, walihama. Ukame mkali wa miaka ya 1276 hadi 1299 ulichangia, pamoja na misukosuko mingine, nao wakaelekea kusini na mashariki. Wajukuu wao ni Wahopi wa Arizona, Wazuni, Waacoma na jamii nyingine za Wapueblo wa New Mexico, na Taos Pueblo ina watu ndani yake hadi leo. Andika wanapoishi sasa, kwa kitenzi cha wakati uliopo. Futa pia "magofu yaliyotelekezwa": kwa wazee wengi wa Kipueblo wahenga wao bado wapo pale. Vivyo hivyo "kugundua". Richard Wetherill na Charlie Mason waliiona Cliff Palace tarehe 18 Desemba 1888 wakitafuta ng'ombe, katika nchi waliyoishi Waute.

SWALI: Mwalimu, nina ramani inayoonyesha magofu madogo yasiyo na walinzi. Je, niweke vipimo kamili vya mahali yalipo? Naona makala itakuwa sahihi zaidi.

JIBU: Usiweke, mwanangu. Vyungu na hata makaburi ya Wapueblo yamechimbwa na wezi kwa zaidi ya miaka mia, na sheria ya Marekani ya mwaka 1979 ya kulinda mali za kale inaruhusu mamlaka kuficha mahali zilipo. Sehemu zilizofunguliwa kwa wageni, kama Pueblo Bonito, ziandike wazi. Hayo mengine taja wilaya au bonde, inatosha, na kama ramani yako haijachapishwa popote, usiiambatanishe.