Deki imekufa, spika bado nzima: je nizitupe?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina homu thieta ya spika tano na sabufa nilinunua 2009, ile ya deki ya DVD. Deki imeacha kusoma sidii mwaka wa tatu sasa, lakini spika zipo ukutani na nyaya zake zimepita juu ya dari tangu tunajenga, sitaki kuanza kubomoa. Sasa nimenunua tivii mpya ya smati na dukani wameniambia zile spika ni takataka nichukue saundbaa. Je, siwezi kuziunga kwenye mtambo mpya? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Takataka? Hapana kabisa, na mimi huwa naumia nikiona spika nzima zinawekwa nje kwa ajili ya wauza vyuma chakavu. Spika ni sumaku, koili na koni basi, haina cha kupitwa na wakati, kinachopitwa na wakati ni lile boksi lenye deki.

Na hata hilo boksi usilizike mapema. Umesema haisomi sidii, hujasema haitoi sauti. Mara nyingi kilichokufa ni lenzi tu na amplifaya ya ndani inapiga kama kawaida. Geuza nyuma uangalie kama kuna tundu za AUX, zile nyekundu na nyeupe, au tundu dogo la waya wa optiko (unaopitisha sauti kwa mwanga) lenye kifuniko. Ukikuta la optiko chomeka waya kutoka kwenye tivii, unaweza kupata sauti ya spika zote tano kwa bei ya waya. Ukikuta AUX peke yake utapata stirio ya kushoto na kulia, ila maboksi mengi yana kitufe cha kuisambaza hiyo sauti kwenye spika zote. Jaribu hilo kwanza kabla hujatoa hela mfukoni.

Kama boksi limekufa kabisa ndio tunakuja kwenye risiva, na nikisema risiva simaanishi ya dishi, naongelea amplifaya ya sinema yenye HDMI na matundu ya spika tano au saba nyuma. Hata ya mtumba inafaa ilimradi iwe na HDMI iliyoandikwa ARC, hiyo ilianza na HDMI 1.4 mwaka 2009, maana yake waya mmoja unaleta sauti ya tivii kwenye risiva. Tivii yako nayo ina tundu moja lililoandikwa ARC au eARC, chomeka hapo hapo sio kwingine, halafu ingia kwenye seting za sauti za tivii uchague bitstrimu (yaani sauti ipite bila kufunguliwa na tivii, risiva ndio iifungue), ukiacha PCM (tivii inaifungua yenyewe) kwenye ARC ya kawaida utapata stirio tu na utadhani spika za nyuma zimekufa.

Sasa spika zenyewe. Angalia kibandiko cha nyuma, seti nyingi za namna hiyo ni omu 3 au 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), wakati risiva nyingi zinataka omu 6 hadi 8. Kibandiko kikiwa kimefutika chukua multimita, spika ya omu 4 itasoma kama 3 hivi, ya omu 8 itasoma kama 6, na isiposoma kitu koili imekatika. Omu zikipungua nusu umeme unaovutwa kwenye amplifaya unakuwa mara mbili, risiva inachemka, ikizidi inajizima yenyewe kujilinda. Kwa sauti ya sebuleni ya kawaida utapiga miaka bila tatizo, lakini sio ya harusi, na tafadhali sana ile tabia yetu ya kutandika kitambaa cha kufuma juu ya redio hapa iache, yale matundu ya juu ndio pua ya risiva. Usiifungie kabatini pia.

Plagi za seti ya zamani hazitaingia kwenye risiva, usihangaike kutafuta adapta, kata, menya waya, funga. Ila kabla hujakata andika kila waya unaenda wapi. Kampuni nyingi zinafuata rangi moja: nyeupe mbele kushoto, nyekundu mbele kulia, kijani katikati, bluu nyuma kushoto, kijivu nyuma kulia, zambarau sabufa. Waya wenye mstari mara nyingi ndio chanya au hasi kutegemea na kampuni kwa hiyo usikisie, chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha kidogo tu, koni ikisukumwa nje basi waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ukigeuza nyaya za spika moja besi inapotea na maneno ya filamu yanasikika kama yanatoka chumba cha pili. Ukihitaji kurefusha waya, ule wa umeme wa shaba wa milimita 1.5 wa duka la vifaa vya ujenzi unafaa kabisa.

Mtego mkubwa uko kwenye sabufa. Hapa kwetu tunaita seti nzima sabufa lakini naongelea lile boksi la besi. La kwako halina waya wa umeme, sivyo? Basi lilikuwa linasukumwa na deki. Risiva mpya tundu lake la sabufa linatoa signo tu, haina nguvu ya kusukuma koni, ukiunga utasikia kimya. Ama ununue sabufa yenye amplifaya yake, ama fundi akufungie bodi ndogo ya amplifaya ndani ya boksi hilohilo, watu wengi wamefanya hivyo na inapiga vizuri.

Na usikae bila sabufa ukasema utanunua baadaye huku unapandisha sauti. Risiva nyingi ukiiambia hakuna sabufa inazigeuza spika za mbele kuwa "kubwa" na kuzimwagia besi yote, hizo za kwako ndogo kama kopo la maziwa zitaungua koili. Ukishapata sabufa, kwenye seting za risiva weka spika zote "ndogo", na mpaka wa besi (sauti ya chini ya hapo inakwenda kwenye sabufa) uweke 150 Hz hivi, ile 80 inayosifiwa kila mahali ni ya spika kubwa.

Halafu wewe upo pwani, fungua vitambaa vya mbele uguse ile ringi inayozunguka koni. Ya mpira inadumu, ya sponji ikiisha miaka kumi na kitu inakuwa unga mkononi, zaidi kwenye joto na unyevu. Ikiwa hivyo fundi anabadilisha ringi tu.

Saundbaa sio mbaya, ila nyingi hazina tundu la kuunga spika za nje, kwa hiyo ukiichukua nyaya zako za darini ndio zimekufa rasmi.

SWALI: Kaka, mdogo wangu aliye Marekani ameniletea risiva nzuri, niichomeke tu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Usichomeke! Soma nyuma, ikiandikwa 120V peke yake, umeme wa hapo kwako wa 240 utaiua papo hapo. Nunua transfoma ya kushusha iliyozidi wati za risiva, kibandiko kikisema wati 400 chukua ya 750 au 1000, na iwe nzito ya shaba, zile nyepesi za wasafiri ni za mashine ya kunyolea.