Jibu: Chotara wa Border Collie na German Shepherd kung'ata visigino vya watoto

Ndugu, umeuliza kama mbwa wako, chotara wa aina hizo mbili, amekuwa mkali kwa kuwa anawang'ata watoto visigino. Hajawa mkali. Kukimbiza watoto na kuwabana visigino ni damu ya uchungaji. Border Collie alizalishwa mpakani mwa Uingereza na Scotland kwa ajili ya kuswaga kondoo. Akianza, watoto wasimame kimya, nawe mpe mpira. Matembezi tu hayamtoshi: mfichie chakula akitafute, mfundishe amri mpya.

Kubwa zaidi, usimchome ivermektini (dawa ya kuua vimelea) ya ng'ombe kama wengi wafanyavyo kuua kupe. Baadhi ya mbwa wa ukoo wa Collie, hata machotara, wana hitilafu ya kurithi katika MDR1, jeni inayosaidia kuzuia dawa zisiingie ubongoni. Kwa mbwa hao, ivermektini hupenya ubongoni na inaweza kuwaua. Muone daktari wa mifugo kwanza, na akague nyonga pia, maana German Shepherd husumbuliwa nazo.